Anayepita na Anayebaki: Mhadhara kuhusu Watunzaji wa Wagonjwa wa Nyumbani Kitui na Makueni



Nianze na hesabu. Mwezi wa siku 30 una saa 720. Mhamasishaji wa afya ya jamii akifanya kazi yake sawasawa, atapita kwenye boma lenye mgonjwa wa kitandani mara moja au mbili kwa mwezi. Atakaa nusu saa, atapima presha, ataandika kwenye simu, kisha ataelekea boma la pili. Siku ya kliniki ikifika na nauli ikapatikana, daktari atamwona mgonjwa kwa dakika kumi. Saa zote zilizosalia ni za mtu mmoja. Ni binti aliyerudi kutoka Nairobi mama yake alipopatwa na kiharusi. Ni mke wa mzee asiyeweza tena kujigeuza. Ni susu, yaani nyanya, anayemuuguza mwanawe, au mjukuu wa shule ya msingi anayemuuguza susu.

Ninalotaka kusema leo ni kwamba tumemjali anayepita na kumsahau anayebaki. Anayepita tumempa mkoba, mafunzo, fulana yenye nembo, na siku hizi posho. Anayebaki kuna wakati tulianza kumfundisha, tukaacha katikati ya njia. Tuliacha lini na kwa nini, nitaeleza.

Siwapunguzii heshima wahamasishaji. Mnazijua njia mnazotembea kuliko mimi. Mkakati wa afya ya jamii ulipoanzishwa mwaka 2006, kitengo cha watu 5,000 kiliwekewa wahudumu 50, kila mmoja nyumba 20. Baadaye hesabu ikabadilishwa: wahudumu 10 kwa kitengo kilekile, kila mmoja nyumba 100. Rais Ruto alipowazindua wahamasishaji zaidi ya 100,000 pale Uhuru Park tarehe 25 Septemba 2023, nyumba 100 ndizo walizokabidhiwa. Mtaani Pipeline, Nairobi, nyumba 100 ni jengo moja au mawili ya ghorofa. Hapa je? Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,136,187 katika Kaunti ya Kitui, na eneo lake linapita kilomita za mraba 30,000. Ukigawanya, nyumba 100 za Kitui zimetapakaa kwenye kilomita za mraba 11 hivi. Huo ni wastani tu. Kule Tseikuru na Ngomeni ni zaidi, na katikati yake kuna mito ya mchanga na vichaka vya miiba. Makueni ina watu 987,653 kwenye eneo lisilofika theluthi ya hilo, kwa hiyo kuna nafuu, ingawa mwenye nyumba 100 kwenye miteremko ya Mbooni ataniuliza nafuu hiyo iko wapi.

Kwa hiyo hata tukimwongezea anayepita posho, baiskeli na simu mpya, ataendelea kupita. Mgonjwa anaishi na anayebaki.

Turudi nyuma kidogo. Mgonjwa wa kwanza wa ukimwi alitambuliwa Kenya mwaka 1984. Rais Moi aliutangaza ugonjwa huo kuwa janga la kitaifa Novemba 1999. Ile miaka kumi na mitano ya katikati, Ukambani ilikuwa inapokea watu waliokuja nyumbani kufa. Wengine walitoka Nairobi na Mombasa. Wengine walitoka hapahapa, katika miji ya barabara kuu ambako malori hulala: Sultan Hamud, Emali, Makindu, Kibwezi, Mtito Andei. Hospitali hazikuwa na dawa ya kuwapa, na vitanda vilishajaa. Mgonjwa alipewa ruhusa, akapandishwa matatu akiwa ameegemezwa kwa ndugu yake, akashushwa sokoni, akabebwa. Aliyempokea, mara nyingi, alikuwa mama yake, naye hakuambiwa ni ugonjwa gani wala afanye nini.

Majirani walituzidi mwendo. Uganda, Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha TASO mwaka 1987, mwaka uleule alipomzika mumewe. Dar es Salaam, WAMATA ilianza 1989. Wote waliona jambo moja, kwamba hospitali haitawahi kuwatosha wagonjwa hawa, na kwamba aliye nyumbani anaweza kufundishwa. Kwetu, wizara ilitoa miongozo ya kitaifa ya utunzaji wa nyumbani mwaka 2002. Kitui haikungoja karatasi hiyo: hospitali za misheni kama Muthale na Mutomo, pamoja na parokia zake, zilikuwa na watu wanaofuata wagonjwa vijijini. Miongozo yenyewe ilikuwa mizuri, nawaambia kwa dhati. Iliugawa utunzaji sehemu nne: tiba, uuguzi wa mwili, ushauri na faraja ya kiroho, na msaada wa kijamii. Na ilisema wazi kwamba kazi ya mhudumu anayetembelea ni kumwachia mtu wa nyumbani ujuzi.

Wakati huo mhudumu alifika na mkoba: glavu, pamba, sabuni, klorini, dawa za maumivu, pakiti za chumvi na sukari za mgonjwa wa kuhara, na ile dawa ya rangi ya zambarau ya vidonda vya mdomoni. Glavu zilikwisha haraka. Basi wakafundishwa kuvaa mfuko wa plastiki mkononi na kuufunga kifundoni kwa uzi. Mbinu ya kimaskini, lakini ilifanya kazi. (Mifuko hiyo ilipigwa marufuku Agosti 2017, na sijasikia mtu yeyote serikalini aliyewakumbuka watunzaji siku ile. Mazingira yamepona kidogo, na mimi nafurahi. Ila glavu badala yake hazikuja.)

Kisha zikaja dawa za kupunguza makali. Kufikia 2006 zilikuwa zinatolewa bure katika hospitali za umma. Watu waliokuwa wamechongewa jeneza waliinuka, wakaenda shambani. Kwa utunzaji wa nyumbani, hata hivyo, furaha hiyo ilikuwa na gharama ambayo hatukuiona. Fedha za wafadhili zilihama kutoka kitandani kwenda kwenye tembe. Mhudumu aliyekuwa akimwonyesha mama jinsi ya kumwosha mgonjwa akawa mtu wa kumtafuta aliyekosa kliniki. Mkoba ukabaki na daftari. Kizazi cha akina mama kilichojua kugeuza mgonjwa, kutibu kidonda na kumlisha asiyemeza kikazeeka, na hakuna aliyeombwa amfundishe mwingine. Januari 2025 serikali ya Marekani ilipositisha misaada yake, hata zile kazi za daftari zikayumba. Ndipo tulipotazama nyuma na kuona kwamba chini ya daftari hapakuwa na kitu.

Wakati wote huo vitanda vya nyumbani havikuwa vitupu. Vilijaa watu wengine. Leo ukipita boma kwa boma, kutoka Nzambani hadi Kathonzweni, aliyelala ndani ni wa kiharusi kilicholetwa na presha ambayo haikupimwa, au wa sukari aliyekatwa mguu, au wa saratani aliyeambiwa na hospitali akapumzike nyumbani, au mzee aliyeanza kusahau majina ya wanawe na anayetoka usiku kwenda kusikojulikana. Hawa hawafi kwa miezi sita. Wanaishi miaka. Mama aliyemuuguza mwanawe miaka ya tisini alijua, Mungu amsamehe kwa kulijua, kwamba kazi ina mwisho wa karibu. Anayemuuguza mumewe wa kiharusi leo anaweza kuwa kwenye kazi hiyo hadi yeye mwenyewe awe mgonjwa.

Sasa nataka tuache historia, tufanye kazi. Naomba tusogeze meza hii ukutani. Nimekuja na leso moja, na dada yetu hapa amekubali kulala chali na kujifanya mzito. Kwa watakaousoma mhadhara huu kwenye karatasi, nitaeleza ninachofanya.

Mgonjwa wa kiharusi, upande wa kushoto umepooza, ameteleza hadi miguu inagonga ubao wa kitanda. Mnamrudishaje juu? Nimeona mikono yenu: karibu nyote mngemshika kwapani na kuvuta. Ndivyo bega la upande uliopooza linavyotoka mahali pake, kwa sababu misuli iliyolishika imelegea. Mgonjwa akianza kulia kila anapoguswa mkono, familia husema ugonjwa umezidi. Ni sisi tuliomvuta. Pia ngozi ya makalio hubaki nyuma kwenye shuka wakati mfupa umeenda mbele, na hapo kidonda kinaanzia ndani, hakijaonekana nje.

Tazameni leso. Naikunja mara mbili kwa upana, naipitisha chini yake kutoka mabegani hadi chini ya nyonga. Mtu mmoja upande huu, mwingine upande ule, kila mmoja anaviringisha ukingo wa leso hadi ngumi zake ziwe karibu kabisa na mwili wa mgonjwa. Magoti yanakunjwa, mgongo haukunjwi. Tunahesabu moja, mbili, tatu, tunainua na kusogeza. Mmeona? Hakuna aliyemvuta. Leso hiyo haitoki. Inakaa pale mchana kutwa.

Ukiwa peke yako, na wengi wenu mko peke yenu, kumgeuza kunawezekana. Simama upande unaotaka aelekee. Mkono wake wa mbali uuvushe kifuani polepole, goti lake la mbali likunje, weka kiganja kimoja kwenye nyonga na kingine nyuma ya bega, kisha umvute kuelekea kwako. Goti lililokunjwa litafanya nusu ya kazi. Mto mmoja mgongoni ili asirudi, mwingine katikati ya magoti. Asilale ubavu kabisa, aegemee tu, ili mfupa wa nyonga usibebe uzito wote. Visigino vining'inie, visiguse godoro. Na zile kata za kitambaa tunazowakalishia wagonjwa ili kidonda kisiguse chini, zitupeni: hubana damu kuzunguka kidonda chenyewe.

Vitabu vinasema mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa 2. Ratiba hiyo iliandikwa kwa wodi yenye zamu tatu za wauguzi. Mtu mmoja akiifuata usiku na mchana atakuwa mgonjwa wa pili kabla ya mwezi kuisha. Mafunzo mazuri humwambia ukweli huo, kisha humsaidia kuupanga usiku wake: amgeuze anapoenda kulala, amgeuze anapoamka mwenyewe kwenda msalani, amgeuze jogoo wanapowika, na mchana azidishe. Na kila asubuhi aangalie mkia wa uti wa mgongo, nyonga na visigino. Ngozi yetu nyeusi haiwi nyekundu kama picha za vitabuni. Tumia mgongo wa mkono: palipo na joto au ugumu kuliko pembeni pameanza kuharibika kwa ndani, na mgonjwa asilalie upande huo tena hadi pawe sawa. Msipasugue kwa mafuta. Najua tumefundishwa kusugua, hiyo huzidisha.

Kulisha nako. Mgonjwa aketishwe wima, kidevu kiinamie kifua, kijiko kidogo, upande wa mdomo ulio mzima, na usiongeze kabla hajameza. Maji matupu ndiyo humpalia zaidi, uji mzito kidogo hushuka vizuri. Wengi wa wagonjwa hawa wanaouawa na nimonia, chanzo chake ni chakula kilichoingia njia ya hewa. Haya niliyoonyesha yamechukua muda gani? Hata uji haujapoa. Lakini yanataka mikono ishike, na kwa hiyo hayafundishiki kwenye ukumbi wa hoteli Wote wala Kitui mjini, penye vitini na chakula cha mchana. Yanafundishika kitandani pa mgonjwa yuleyule, na muuguzi au mtaalamu wa viungo aliyeletwa pale, na yule binti akifanya mwenyewe mbele yake. Kama bajeti ya mafunzo ni ndogo, ifuteni hoteli. Nunueni mafuta ya pikipiki ya muuguzi wa zahanati.

Dada, asante, unaweza kuamka.

Kuna jambo la maji. Wataalamu wa kutoka nje huandika orodha za vifaa vya mtunzaji, na sijawahi kuona maji yakiwa ya kwanza. Mgonjwa asiyejizuia hutaka kuoshwa na kubadilishiwa shuka kila siku, mara nyingine zaidi ya mara moja. Kwa makadirio yangu huo ni mtungi wa lita 20 juu ya matumizi ya kawaida ya boma, na akiharisha ni mitungi miwili au mitatu. Mwezi wa Septemba, kabla ya mvua za Oktoba, mtungi huo unachimbwa kwenye mchanga wa mto na kupandishwa kwa punda, kama punda yupo. Mwenye kumwosha mgonjwa ndiye mwenye kwenda mtoni. Akienda, mgonjwa analala kwenye mkojo. Asipoenda, analala kwenye mkojo vilevile. Ukambani ina mabwawa ya mchanga mamia kwa mamia, kazi ya vikundi vya wenyeji, na bado hatujawahi kukaa kama kijiji na kusema kwamba boma lenye mgonjwa wa kitandani litachota kwanza na litachotewa. Mpango wa utunzaji unaoleta glavu na hauulizi maji yanatoka wapi umeandikwa na mtu asiyeijua Mutomo.

Maumivu nitayagusa kwa ufupi, maana yanastahili mhadhara wake. Mgonjwa wa saratani aliye nyumbani ana haki ya kutopiga mayowe usiku. Dawa ipo, nayo ni morfini ya maji, ya kunywa, ambayo huduma za aina ya Nairobi Hospice, iliyoanza 1990, zimeitumia kwa muda mrefu. Hutolewa kila saa 4, kwa saa, bila kungoja maumivu yarudi. Watunzaji wengi huogopa, humpa mgonjwa akishalia tu, na wengine huificha kabisa kwa kuwa wamesikia inaua. Na hakuna aliyewaambia kwamba dawa hiyo hufunga choo na lazima iende pamoja na dawa ya kulainisha. Mgonjwa akikaa wiki bila choo, wanaiacha. Maelezo ya dakika tano dukani pa dawa yangeokoa miezi ya mateso.

Sasa pesa. Posho ya mhamasishaji ni Sh5,000 kwa mwezi, nusu ya serikali kuu na nusu ya kaunti. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo uliosema wahudumu wa afya wa jamii walipwe kulingana na kazi wanayofanya, saa wanazotumia na mafunzo waliyopata. Sh5,000 kwa nyumba 100 hailingani na kimoja kati ya hivyo vitatu, lakini ni afadhali kuliko miaka ya kuitwa watu wa kujitolea. Kwa anayebaki hakuna mstari wowote. Kilicho karibu naye ni Sh2,000 za mpango wa serikali wa Inua Jamii kwa mzee aliyetimiza miaka 70, na Sh2,000 kwa mlezi wa mtu mwenye ulemavu mkubwa anayehitaji kuangaliwa usiku na mchana. Hii ya pili ndiyo pekee inayokiri kwamba kuna mtu anayeangalia. Binti anayemuuguza mama wa miaka 58 aliyepooza, asiyesajiliwa kuwa mlemavu kwa sababu safari ya kupimwa inataka gari la kukodi, hayumo popote.

Nafasi ya kumkumbuka tuliipata, tena mara mbili, katika kaunti hizi mbili. Oktoba 2016 Makueni, chini ya Gavana Kivutha Kibwana, ilianza MakueniCare: Sh500 kwa familia kwa mwaka, wazee wa miaka 65 na zaidi bure. Kitui nayo, wakati wa Gavana Charity Ngilu, mama aliyekuwa Waziri wa Afya na aliyepigania mswada wa bima ya afya kwa wote mwaka 2004 ambao Rais Kibaki hakuutia sahihi, ilikuwa na bima yake ya kaunti. Ilikuwa mipango ya kujivunia. Watu walitibiwa bila kuuza mbuzi. Lakini yote miwili ililipia kitanda cha hospitali, na siku mgonjwa aliporuhusiwa, ililipia kitanda kingine cha mgonjwa mwingine. Huyu wa kwanza alikwenda zake nyumbani na hakuna aliyeuliza nani atambadilishia bandeji. Bima ya afya ya kitaifa, SHA, iliyoanza Oktoba 2024 imerithi macho hayohayo.

Najua mtu atasimama aniambie: sisi ni Wakamba, tuna mwethya, ile desturi ya majirani kufanya kazi kwa pamoja, tusaidiane. Nilingoja hilo. Naipenda mwethya. Matuta yaliyookoa udongo wa Machakos na Makueni yalichimbwa na myethya, hasa kuanzia miaka ya 1950 vikundi vilipoachiwa kuchagua viongozi wao, na wachimbaji wengi walikuwa wanawake. Lakini tuangalie ni kwa nini ilifaa. Tuta lina mwanzo na mwisho. Siku inajulikana, kazi inaonekana, jioni mnakula isyo, kesho mnaenda kwa mwingine. Kumtunza mtu wa kitandani hakuna tuta la mwisho. Ndiyo maana majirani hujaa wiki ya kwanza, wakileta sukari na maziwa, na mwezi wa nne haji mtu. Si ubaya wa moyo. Kazi haikukatwa vipande vinavyobebeka.

Ikikatwa, hubebeka. Kikundi cha akina mama kumi na wawili wanaokutana kwa merry-go-round kinaweza kuchukua Jumanne maji, Alhamisi kufua mashuka, Jumapili alasiri mtu mmoja kukaa na mgonjwa ili mtunzaji aende kanisani au alale tu. Hilo la kulala nalitilia mkazo. Mtunzaji aliyelala saa sita mfululizo mara moja kwa wiki atamgeuza mgonjwa vizuri zaidi kuliko yule aliyefundishwa na hajalala. Mtandao wa wanawake wa GROOTS Kenya uliwahi kuwaunganisha watunzaji wa nyumbani katika muungano wao wenyewe, wakati wa ukimwi, ili waingie kwenye vikao vya serikali kama watu wenye kazi na jina. Walielewa kwamba kusaidiana bila kudai ni kuisaidia serikali ikusahau.

Na wanaume? Takwimu za matumizi ya muda za mwaka 2021, za Shirika la Taifa la Takwimu, zilionyesha mwanamke wa Kenya akitumia asilimia 18.7 ya siku yake kwa kazi za nyumbani na za utunzaji zisizolipwa, mwanamume asilimia 3.6. Ni kama saa nne na nusu kwa dakika hamsini. Mgonjwa mzito anahitaji mtu mwenye nguvu, na wenye nguvu wako kituo cha bodaboda wakingoja mteja. Wale vijana hubeba magunia ya mbaazi yenye kilo 90. Wafundisheni leso.

Mnaotaka kuona mtunzaji akisaidiwa kwa ukamilifu, nendeni Nyumbani Village, hapa Kitui. Padri Angelo D'Agostino, Mjesuti aliyeanzisha makao ya watoto ya Nyumbani jijini Nairobi mwaka 1992, alipata ekari 1,000 na kuanza kijiji ambamo nyanya na babu waliofiwa na wanao wanalea wajukuu, wao na wa wengine, karibu kumi kwa nyumba. Alifariki Novemba 2006 kijiji kikiwa bado kichanga. Ninachotaka mkione huko ni kwamba susu amepewa nyumba, maji, zahanati, shule na shamba, na mtu wa kumwendea mtoto akiugua usiku. Ndipo akaweza kulea. Hakufundishwa upendo. Wenzake walio nje ya lango, ambao ni wengi kuliko walio ndani, wana upendo uleule na hawana hata bomba.

Jambo moja hunichoma. Binti wa Kitui anayetaka kwenda Saudi Arabia kufanya kazi za nyumbani hutakiwa kwanza asomeshwe na kupewa cheti, na kozi hizo zina mitaala inayotambuliwa na serikali. Ni vizuri. Kwa hiyo tunakubali kwamba kumtunza mzee wa mtu mwingine ng'ambo ni ufundi unaofundishwa na kuthibitishwa. Dada yake aliyebaki akimtunza nyanya yao hapa Zombe hahesabiwi kuwa anafanya kazi. Hivi cheti hicho hakiwezi kutolewa Zombe, kwa saa alizokwisha kuzifanya kitandani pa nyanya, ili siku nyanya akizikwa binti asibaki na miaka sita isiyo na jina?

Namalizia na tarehe. Kila kaunti hupeleka Mpango wake wa Maendeleo wa Mwaka kwenye bunge la kaunti kabla ya Septemba 1, na makadirio ya bajeti kabla ya Aprili 30. Kitui ina wadi 40, Makueni 30. Makueni inasifiwa nchini kwa vikao vya umma vinavyoanzia kijijini, na sifa hiyo ni ya haki. Kwenye vikao hivyo watu huomba barabara, bwawa, darasa. Sijasikia mtu akiomba godoro nene kwa wagonjwa wa kitandani wa wadi yake, glavu, mafuta ya pikipiki ya muuguzi, na siku tano za mafunzo ya nyumbani kwa kila mtunzaji. Sababu ni rahisi: mwenye kuyahitaji hayo hayumo kikaoni. Kikao huitishwa saa nne asubuhi, saa ya kuosha mgonjwa. Kwa hiyo nawaomba wahamasishaji, kabla ya mwezi wa nane, mkiwa kwenye zile nyumba 100, mumuulize kila mtunzaji anataka vitu gani vitatu, mviandike nyuma ya daftari kwa jina la kijiji, na siku ya kikao msimame mvisome. Na msimamizi wa wadi, kama yupo humu, aahirishe kikao hadi saa tisa alasiri.